Kumfuata Baba Mkwe kwa Matairi Magumu

Tangu turudi na mgonjwa, kila anayekuja nyumbani kwetu Igoma kumpa pole baba mkwe ananivuta pembeni na kuniuliza, "Masalu, hebu tuambie, mlipitaje kule?" Wengine wameshasikia kwa mke wangu, na nawaona wanavyojitahidi kuficha tabasamu. Kwa hiyo nimeamua kuandika mwenyewe, yote, hata yale ambayo ningependa yasijulikane.

Mzee Ishengoma, baba yake mke wangu Koku, anaishi kijiji cha wavuvi upande wa Muleba. Aliteleza kwenye mawe ya ziwani akavunjika nyonga. Zahanati ya kijiji ilimpa dawa za kutuliza maumivu, ikasema huyu ni wa kupelekwa kwa madaktari wa mifupa Mwanza. Gari la wagonjwa lilijaribu kumfuata likageukia njiani. Ziwa lilipopanda lilimeza barabara ya kuingia kijijini, na liliposhuka likaacha mchanga mtupu. Ndipo shemeji yangu, kaka yake Koku anayeishi na mzee, akanipigia simu.

"Wewe una gari la fowili. Njoo nalo. Lakini usije peke yako, pitieni Buhongwa mkamchukue Kamugisha. Yule anaijua michanga yote ya ziwa hili."

Nilisema sawa. Ningesema nini kingine, na mzee wa watu amelala hawezi hata kugeuka?

Kamugisha nilikuwa simjui kwa sura, lakini jina nililijua tangu siku za uchumba. Ni dereva wa magari yanayokusanya samaki mialoni. Ndiye aliyekuwa amuoe Koku. Mzee Ishengoma alishakubali, wazazi wa pande zote wameshakaa na kula pamoja, halafu Koku akaja Mwanza kusoma ualimu, akanikuta mimi nauza misumari na bati. Miaka tisa ya ndoa, mtoto mmoja, na baba mkwe wangu bado akipiga simu humuuliza bintiye, "Yule Msukuma hajambo?"

Igoma hadi Buhongwa

Alfajiri nililipeleka gari kwa fundi pancha wa jirani. Nilimwambia ajaze upepo hadi hamsini, matairi yote manne. Aliniangalia.

"Hamsini, kaka? Si nyingi?"

"Njia ni mbaya na tutabeba mgonjwa. Nataka matairi magumu."

Nilivyokuwa naelewa, tairi gumu ni tairi lenye nguvu. Gari hilo ni la fowili, linavuta kwa magurudumu yote manne, lakini tangu nilinunue lilikuwa halijakanyaga kitu kibaya kuliko makorongo ya mtaani kwetu. Kazi yake ni kubeba saruji.

Buhongwa tulimkuta Kamugisha anatusubiri kando ya barabara na begi dogo. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mtu mnene, amechoka. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limenyooshwa. Alimsalimia Koku kwa Kihaya, maneno matatu tu, na Koku akacheka kama msichana wa shule. Mimi alinipa mkono.

"Shemeji, pole na mgonjwa."

Shemeji wa wapi? Sikumuuliza.

Kabla ya kupanda alizunguka gari lote, akibonyeza kila tairi kwa kidole gumba. Kisha akatoa mfukoni geji ya kupimia upepo, ndogo kama kalamu, akainama.

"Hamsini," alisema. "Umejaza kwa makusudi?"

"Kwa makusudi."

Alifungua mlango wangu wa dereva, akanionyesha karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango. Nimekaa na gari lile miaka minne na sijawahi kuisoma. "Mbele thelathini na tatu, nyuma thelathini na tano. Ukiwa na mzigo mzito, nyuma ndiyo unaongeza kidogo. Hizi hamsini zitaturusha kama mpira, na jiwe likilipata tairi gumu linalikata. Tupunguze sasa hivi, maana ni baridi. Zikishapata moto hazitasema ukweli."

Koku alikuwa anasikiliza kwa makini, kichwa kimeinama upande mmoja. Hivyo ndivyo alivyokuwa akinisikiliza mimi zamani, nikimweleza tofauti ya bati na bati.

"Tutaenda hivihivi," nilisema. "Tumechelewa."

Busisi hadi Biharamulo

Zamani pale Busisi ungepanga foleni ukisubiri kivuko, ukashuka, ukanyoosha miguu, ukanunua mahindi ya kuchoma. Sasa kuna daraja. Unaingia, unaona maji kushoto na kulia, umeshatoka. Wenzangu wote husifu daraja lile, na siku nyingine nalisifu. Siku ile nilitamani foleni ya saa tatu, nisimame nje peke yangu nisisikie Kihaya.

Maana walikuwa wanaongea. Kamugisha alikaa mbele kwa sababu ya miguu yake mirefu, Koku katikati ya kiti cha nyuma, ameegemeza mikono kwenye viti vyetu, kichwa chake kati ya vichwa vyetu viwili. Mimi Kihaya najua salamu na vyakula. Nilisikia jina langu mara mbili, na mara zote mbili likafuatiwa na kicheko.

"Mnasema nini?" niliuliza tulipopita Sengerema.

"Habari za nyumbani tu, Baba Neema," alijibu Koku akifuta macho.

Geita tulisimama tule. Mimi niliagiza wali na sato wa kukaanga kwa watu watatu, kwa sauti, kama mwenye safari. Chakula kilipofika Kamugisha alifungua begi lake akatoa kopo la senene wa kukaanga, wale panzi wa kwao. Koku alipiga kelele ya furaha hadi watu wa meza ya pili wakageuka. Alikula senene kwa kiganja. Sato wangu alimgusagusa upande mmoja.

"Huli?" nilimuuliza.

"Nimeshiba, jamani. Mara ya mwisho kula hawa lini? Hata wewe onja."

Nilisema wananidhuru tumbo. Sijawahi kuwala.

Baada ya Katoro jua lilikuwa kali na gari lilikuwa linarukaruka kwenye kila kiraka cha lami. Kila liliporuka, Kamugisha alinyamaza kimya. Ningependa angesema kitu. Mtu akikulaumu unaweza kujitetea.

Njia ya changarawe

Kabla ya Muleba tuliacha lami tukashika njia ya changarawe inayoteremka kuelekea ziwani. Hatukufika mbali. Gari lilidunda juu ya jiwe lenye makali, tukasikia mlio kama wa kitambaa kinachochanwa, na tairi la nyuma kushoto likaisha upepo papo hapo. Lilikuwa limepasuliwa pale linapokanyaga, jeraha refu kama kidole, lisilo la kuzibika.

Nilishuka na jeki. Nilikuwa bado nahangaika na nati ya kwanza Koku alipofika na jiwe la kuzuia gurudumu la mbele, akaliweka mahali pake bila kuambiwa. Kamugisha alishika spana upande wa pili. Walifanya kazi ile bila kuongea, huyu akinyoosha mkono, yule akiweka nati ndani yake. Nilisimama na tairi bovu mkononi. Nilihisi kama mgeni aliyewakuta watu wanakula.

Tulipomaliza Kamugisha alinisogelea, akapunguza sauti ili Koku asisikie. "Shemeji, spea ndiyo hiyo tumeshaitumia. Nikuombe, tupunguze upepo. Kwa changarawe ishirini na nane inatosha. Mchangani tutashuka zaidi."

Kama angesema mbele ya Koku, ningemkasirikia kwa hilo. Aliponiambia faraghani nilimkasirikia kwa kunihurumia.

"Hatuna spea," nilimjibu. "Tairi likiwa laini litatoka kwenye rimu. Halafu tutafanyaje?"

Hilo ni jambo la kweli, hutokea ukikata kona kwa kasi na upepo mdogo. Lakini mimi sikuwa nalijua vizuri kiasi hicho. Nililisikia mahali, nikalitumia kwa kuwa lilikuwa karibu.

Mchanga

Mchanga ulianza ghafla baada ya mgomba wa mwisho. Ulikuwa mweupe, laini, umelala toka kwenye mawe hadi majini. Niliweka fowili, nikakanyaga mafuta. Tulikwenda kama hatua sitini, kisha gari likaanza kuchimba. Nilikanyaga zaidi, likazama hadi tumboni.

Nilichimba kwa koleo. Niliweka matawi. Nilikanyaga mafuta tena, matawi yakaruka nyuma na gari likashuka zaidi. Kamugisha alichimba pamoja nami bila neno, shati lake lililonyooshwa limelowa jasho. Nilimwona mara moja akiangalia matairi yale yaliyovimba na kukaza, yanakata mchanga kama kisu kinavyokata mkate, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikukielewa wakati ule. Zaidi ya saa nzima ilipita hivyo.

Kina mama watatu waliokuwa wanaanua dagaa walikuja kutazama. Mmoja wao, mtu mzima, alinisalimia nami nikamwamkia.

"Mnamfuata mzee Ishengoma?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu asubuhi anauliza kama gari limefika. Jana alilia. Hatujawahi kumsikia akilia." Alitazama magurudumu. "Mbona wenye magari ya samaki hutoa upepo wakifika hapa?"

Koku aliinuka kutoka pale alipokuwa amekaa. Hakupiga kelele. Alimwendea Kamugisha, akanyoosha mkono, akapewa geji. Kisha akaja hadi nilipokuwa nimepiga magoti.

"Baba Neema, sogea."

"Koku, nisikilize..."

"Baba yangu analia. Sogea."

Alizunguka gurudumu baada ya gurudumu, akibonyeza pini ya valvu kwa ncha ya ufunguo, upepo ukitoka kwa mlio mrefu, akipima, akibonyeza tena, hadi yote yakasoma kumi na nane. Matairi yalilala chini, yakapanuka kama mguu wa ngamia. Tulichimba mara moja zaidi. Halafu akapanda kwenye kiti changu cha dereva, akaweka gia, akaachia klachi taratibu mno, na gari likanyanyuka kutoka kwenye shimo lile likaenda. Hakusimama. Aliendesha kandokando ya maji, mkono mwepesi kwenye usukani, hadi kwenye ardhi ngumu ya kijiji. Kina mama walishangilia.

Miaka tisa mke wangu ameniambia hajui kuendesha gari. Nilimgeukia Kamugisha.

"Nani alimfundisha?"

Alikuwa anatazama mbali ziwani. "Hapahapa," alisema. "Kwenye mchanga huuhuu."

Tulitembea kwa miguu hadi kijijini, mimi na yeye, tukifuata alama za matairi yangu.

Nyumbani kwa mzee

Jua lilikuwa linakaribia kuzama tulipoingia. Baba mkwe alikuwa amelala kwenye godoro sebuleni, amekonda, ndevu hazijanyolewa. Niliinama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Macho yake yalinipita yakaenda mlangoni. "Kamugisha! Na wewe umekuja?"

Alimshika mkono akaung'ang'ania. Walituletea ndizi za kupikwa na maharage na samaki wa kuchoma, nami nikala kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Mzee aliuliza ni nani aliyelipitisha gari mchangani.

"Sote, Tata," alisema Koku.

Mzee aliguna. Alifumba macho kwa maumivu, akafumbua, akasema kwa Kiswahili ili nami nisikie. "Kesho aendeshe Kamugisha. Mimi siwezi kurushwarushwa."

Nilitoa mfukoni ufunguo ambao Koku alikuwa amenirudishia, nikauweka mezani mbele ya Kamugisha. Nimewahi kuibiwa duka zima la bidhaa, na sikumbuki kama iliniuma hivyo.

Kurudi hadi lami

Asubuhi tulikunja kiti cha nyuma, tukatandika godoro, tukamlaza mzee. Mtu mmoja alitakiwa kukaa chini kando yake, amshike mguu usicheze. Shemeji yangu alibaki kulinda nyumba. Koku hana nguvu za kuushika mguu wa mtu mzima saa sita. Kwa hiyo nilikuwa mimi.

Kwa hiyo hebu nioneni: gari langu, anaendesha Kamugisha, kando yake amekaa mke wangu, na mimi nyuma sakafuni nimekumbatia paja la baba mkwe. Nilikuwa nawatazama visogo vyao. Nilisubiri wacheke. Hawakucheka.

Mchangani gari lilielea. Kwenye changarawe Kamugisha aliacha upepo ulivyo, akaenda pole kama anayebeba mayai, akiyakwepa mawe. Matairi laini yaliyameza mashimo. Kila mara mzee alipovuta pumzi kwa uchungu nilibana mguu wake, naye akanishika mkono wa shati, na hakuuachia.

Tulipofika lami Kamugisha alizima gari.

"Tunajaza," alisema.

"Mzee anaumia," nilimwambia. "Twende tu, lami ni nzuri."

"Kwa mwendo wa lami, matairi ya kumi na nane yatachemka hadi yapasuke. Na mzee yuko nyuma, shemeji."

Alitoa pampu ya mguu kwenye begi. Nilimwachia Koku mguu wa mzee, nikashuka. Tulipokezana, yeye mikanyago mia, mimi mia, tairi moja baada ya jingine. Tulikuwa kwenye tairi la tatu, ni zamu yangu, aliponiambia bila kuniangalia.

"Jana ulipokataa kutoa upepo, nilifurahi."

Niliendelea kukanyaga.

"Ningeweza kukulazimisha. Ningemwambia Koku tangu juu kule. Nilinyamaza, maana nilitaka ukwame, yeye akuone umekwama. Zaidi ya saa nzima tunachimba, mimi moyoni nafurahi, na mzee kalala na mfupa umevunjika. Nilipomsikia yule mama anasema mzee analia ndipo nilipoona aibu." Alipangusa uso. "Nina mke, nina watoto wawili. Nampenda mke wangu. Lakini nilikuja safari hii nikiomba Mungu nikukute mtu mbaya."

Nilitaka kumchukia, na nilikuwa na kila sababu, ila kila nilichotaka kumlaumia mimi nilikuwa nimekifanya kabla yake.

"Mia moja na kumi," nilisema. "Zamu yako."

Hadi Mwanza

Katoro, Geita, Sengerema, vyote nilivipita nikiwa sakafuni, sikuona ila juu ya miti. Karibu na Busisi mzee alizinduka.

"Umechoka?"

"Hapana, baba."

"Unadanganya. Mshiko wako umelegea." Aligeuzia uso dirishani. "Nilimwahidi baba yake Kamugisha binti. Nikaonekana mtu asiye na kauli kijijini. Hasira ile nimekubebesha wewe miaka yote." Kisha akasema anataka maji, na hakurudia tena habari ile.

Hospitalini walimpokea jioni mapema, wakampeleka moja kwa moja kupigwa picha ya mfupa. Kamugisha alinirudishia ufunguo getini. Alisema ataondoka hapohapo, ana mzigo wa samaki kesho. Koku alimuaga kwa Kiswahili, mbele yangu, maneno machache kama unavyomuaga jirani. Alipokwisha kuvuka barabara, Koku akanigeukia.

"Umemshukuru?"

Nilikuwa sijamshukuru. Nilikimbia, mtu mzima na tumbo langu, nikamfikia anapanda pikipiki.

"Kamugisha! Asante."

Alinitazama, akasita, kama mtu anayetafuta neno la kiume la kuagania.

"Nilijaza kwa kukisia, maana matairi yalikuwa yameshapata moto," alisema. "Kesho asubuhi, kabla hujaliondoa gari, pima upya. Hii chukua." Akaniwekea geji kiganjani, pikipiki ikaondoka.

Mzee alifanyiwa upasuaji na sasa yuko kwetu, anatembea na magongo na kulalamikia chumvi ya Koku. Mke wangu ndiye anayeipeleka saruji siku mbili kwa wiki. Anaendesha vizuri kuliko mimi, na wateja wameanza kumuulizia yeye.

Lakini asubuhi ile ya kwanza, kabla jua halijawaka, nilitoka uani na geji ya Kamugisha, nikapiga magoti. Nilipima mbele kulia, mbele kushoto. Nilizunguka nyuma, nikapima yale mawili, halafu nikarudia kuyapima yote, maana kwa kweli nilitamani walau moja liwe limekosewa. Mbele thelathini na tatu, nyuma thelathini na tano. Yote manne yalikuwa sawasawa.